Mlingoti Mrefu Uliouchagua Kisumu

Baba Kerubo,

Nilirudi kutoka ziwani juzi, nikangoja Sabato ipite ndipo nikuandikie, kwa sababu maneno niliyo nayo si ya kuandikwa siku ya Sabato. Nimekaa kwenye kibaraza cha duka, cherehani iko mbele yangu, gauni la mteja nimeliweka kando. Sijawahi kukuandikia barua tangu unioe. Ulipokuwa safarini ulituma salamu kwa midomo ya watu, nami nikarudisha hivyo hivyo, maana ulisema barua za huko hupotea njiani. Nilikubali. Nilikubali mambo mengi.

Usishangae kwamba ni Kiswahili. Ekegusii ni lugha uliyotumia kuniomba kwa baba yangu, na leo sitaki kuigusa. Tena Kiswahili chako ulikipenda. Watu wa soko la Magwagwa walikuwa wakiniambia, "Mume wako anaongea kama mtu wa kuzaliwa nacho," na mimi nilitembea kichwa juu kana kwamba mimi ndiye niliyekufundisha. Sasa najua ulijifunzia wapi. Nitafika hapo.

Kwanza habari za nyumbani. Chai inachumwa vizuri, mvua haikutuonea mwaka huu. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Kerubo wako amepita mtihani na yuko sekondari, amekuwa mrefu kunizidi, na akikasirika hukunja mdomo kama wewe. Mdogo wake Momanyi haulizi tena utarudi lini. Pale nyuma ya migomba ulipokuwa ukifanyia kazi, nyasi zimeota, lakini ukichimba kidogo bado unapata vumbi la msumeno.

Pale ndipo ilipoanzia, au ndivyo nilivyodhani.

Mpaka wetu na Tanzania ulipofungwa ulikuwa umekuja nyumbani kutusaidia kupanda. Redio ya dukani ilitangaza, na aliyeisikia akaja kukwambia, kwa kuwa kila mtu alijua kazi yako iko Musoma: kuezeka nyumba, kutia milango na madirisha. Ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Ulikiweka chini, ukatoka, ukaenda kusimama katikati ya michai mpaka mvua ikakulowesha nguo zote. Nilikufuata na gunia kichwani, nikakwambia, "Kazi ziko hata hapa. Kisii mjini wanajenga kila siku." Nikadhani unasikitikia vifaa vyako vya useremala vilivyobaki kule.

Baada ya palizi ukaanza kujenga kitu kirefu chembamba nyuma ya migomba. Watu walipita wakidhani ni jeneza la mtu mrefu sana. Ulipoanza la pili linalofanana nalo, wakaja kuuliza ni nani mwingine anayeumwa kwetu. Ulicheka, ukawaambia ni mashua. Mashua, huku juu milimani! Mchungaji mwenyewe alikuja kutazama, akatingisha kichwa, akakuombea.

Mimi ulinichorea chini kwa kijiti. Vyombo viwili vyembamba, boriti zinaviunganisha, katikati sakafu ya mbao, mlingoti unasimama juu ya boriti ya mbele. Ulisema uliiona ya namna hiyo Kisumu ulipokuwa kijana ukifanya kazi kwenye karakana ya mashua, Wazungu wakiiita katamarani. Haipinduki upesi, ukasema. Hufunguliwa vipande ikapakiwa kwenye lori, kwa hiyo hata mtu wa milimani anaweza kuijenga. Haihitaji bandari, inafika ufukweni hata penye maji ya magotini. "Tutapeleka ndizi na vinyago vya mawe vya Tabaka mpaka Homa Bay, mpaka Kisumu," ulisema. "Barabara ina tope, Mama Kerubo. Ziwa halina tope."

Niliyapenda maneno hayo. Niliyarudia sokoni.

Halafu ile siku ya kwenda kuchagua mlingoti. Uliniambia nivae gauni la kanisani. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yetu kwenda mahali sisi wawili tu, bila mtoto mgongoni na bila msiba wa kuendea. Kule Kisumu ulinipeleka kando ya ziwa kwa yule mzee Mhindi aliyekuwa akinunua mashua zilizochoka na kuziuza vipande vipande. Milingoti ilikuwa imelazwa juu ya magogo chini ya bati, nanga zimerundikwa pembeni, na kamba zilizooza zikinuka kama sakafu ya zizi.

Ulinifundisha kuchagua. Uliweka jicho kwenye ncha ya mlingoti na kutazama urefu wake wote kama mtu anayelenga bunduki. Ulisema uliopinda kidogo kwenda mbele unaweza kuvumilika, lakini uliopinda kando utavuta tanga vibaya siku zote. Ulinionyesha shina lake, pale maji ya mvua yanapotuama, ukasema ugonjwa wa mlingoti huanzia pale. Wa kwanza ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi nyeupe mpya inayong'aa. Mimi nikatoa sindano yangu ya kushonea magunia, nikaichoma kwenye shina. Iliingia yote kama kwenye boga lililopikwa.

"Mama, hii si nguo!" yule mzee alipiga kelele.

Ulicheka mpaka ukajishika mbavu. Ukaniambia mbele yake, "Mke wangu ana macho kwenye vidole." Niliishi na sentensi hiyo muda mrefu. Nikiwa nakanyaga cherehani ilikuwa inanijia yenyewe.

Wa pili ulikuwa wa mbao pia, mfupi, mnene, mweusi kwa mafuta. Sindano ilikataa kuingia. Nilikwambia tuuchukue huo. Unatosha kwa ndizi, nikasema, na wavuvi wote niliowaona pale wana milingoti mifupi. Lakini wewe ulikuwa umeshaondoka. Ulikuwa umesimama mbele ya ule mrefu wa aluminiamu uliotoka kwenye mashua ya Mzungu aliyerudi kwao. Mlingoti huo ulikuwa na unga mweupe wa kutu kuzunguka misumari yake ya chuma, na shina lake limeliwa. Uliugonga kwa ukucha ukasikiliza, ukasogea, ukagonga tena, mpaka juu. Ukasema shina utalikata na kutia kipande cha mti mgumu ndani, unga utausugua, na hapo utakuwa mzima.

Nikakuuliza, "Wa nini mrefu hivi? Si umesema tutapita kando kando ya nchi kavu?"

Ukasema, "Upepo wa ziwani uko juu. Huko chini vilima vinauzuia."

Ukaenda kwenye nyaya za kuushikilia. Mimi nilionyesha kamba za katani kama za wavuvi. Ukasema katani ikilowa inalegea, na mlingoti ukilegea katikati ya maji hakuna wa kumwita. Ulitaka waya wa chuma. Ulichukua kitambaa ukakipitisha juu ya waya polepole, na pale kilipokwama kwenye uzi uliokatika ukautupa wote, ukataka mwingine. Ulichagua mnene kwa pembeni na mnene zaidi wa kwenda mbele, na skrubu kubwa za kukazia. Yule mzee akakutazama, akasema, "Fundi, wewe unakwenda wapi na waya huu? Uganda?"

Ulicheka kidogo, ukamwambia afunge mzigo. Mimi nilicheka sana. Katika ile karakana mimi peke yangu sikujua tunanunua vifaa vya safari gani.

Tanga nililishona hapa hapa kibarazani, kwa turubai jepesi. Liliijaza njia, ikabidi watoto washike mwisho wake lisiburute. Sindano za cherehani zilivunjika, nikanunua nyingine. Kila mshono niliupitisha mara mbili. Pembeni niliongeza ngozi, na matundu ya kupitishia kamba nikayazungushia shaba kwa nyundo yako. Vidole vilitoka damu. Uliniletea maji ya moto na chumvi, ukaviloweka mwenyewe, kimoja kimoja. Sijui sasa nifanye nini na kumbukumbu hiyo. Niambie. Nifanye nini nayo?

Tukaipeleka Karungu, ufukweni, kwa lori. Ouma, yule mvuvi uliyefanya naye kazi Kisumu ujanani, alitupokea na ndugu zake, wakasaidia kuunganisha vyombo na kuinua mlingoti. Ulikaza nyaya moja baada ya nyingine, ukizipiga kwa kiganja mpaka zikatoa sauti moja. Ulinizungusha ndani ya ghuba, mimi nimefumba macho, na watu wa Karungu walikuwa wakipiga vigelegele. Nililia kwa furaha. Nilidhani umepona ile huzuni ya mpaka.

Na kweli ulipona. Ulianza safari. Za kwanza zilikuwa fupi, na ndizi ziliuzwa. Halafu zikawa ndefu. Ukasema umepata wateja kisiwani Mfangano, upepo ulikuzuia, Ouma aliumwa. Ulirudi umekonda lakini unaimba. Safari ya mwisho ulirudi na homa. Tulikupeleka hospitali Kisii umelazwa kwenye lori la majani chai, na homa ikakupanda kichwani. Nilikaa kando ya kitanda. Kabla hujanyamaza kabisa ulifumbua macho, ukasema, "Mama Kerubo, shusha tanga." Nikakwambia nimelishusha. Ukafumba. Maneno hayo ndiyo niliyoyabeba siku ya mazishi, kwamba uliniita mimi.

Mazishi yako yalikuwa makubwa. Kwaya ya Masimba ilikuja. Mchungaji alisimama juu ya kaburi akasema ulikuwa mzee wa kanisa kama anavyopaswa kuwa mzee wa kanisa, mume wa mke mmoja. Watu wakaitikia amina. Mimi niliitikia kuliko wote.

Kilichonipeleka Karungu baada ya hapo ni ndugu yako Onsongo. Alikuwa amepata mtu wa kununua mlingoti na nyaya, pamoja na tanga kama nyongeza, na alitaka nikubali haraka. Nikasema siwezi kuuza tanga langu bila kulitazama. Nikaenda. Ouma alilitoa ndani ya kibanda chake, tukalitandaza kwenye majani ya ufukweni, nami nikapiga magoti nikaanza kulipitia mshono kwa mshono kama nipitiavyo nguo ya mteja.

Karibu na pembe ya chini lilikuwa limechanika, na pale palikuwa na kiraka.

Kiraka hicho sikukitia mimi. Mimi nikishona kwa mkono huvuta uzi kwa nguvu mpaka kitambaa kinakunjamana, Kerubo hunicheka. Kile kilishonwa kwa mishono midogo, imelala sawasawa kama punje za mchele, uzi umekunjwa mara mbili na kupakwa nta. Kitambaa chake kilikuwa kipande cha kanga nyekundu. Kingo zake zilikuwa zimekunjiwa ndani zisifumuke. Mvuvi akiziba tundu anaziba tu, hakunji kingo. Huyo alikuwa mwanamke, tena mwanamke aliyetaka anayekwenda nalo afike salama.

Nikauliza, "Ouma, nani alishona hapa?"

Alitazama maji. "Shemeji, mimi ni mtu wa usukani tu."

"Sikuulizi usukani. Nakuuliza uzi."

Alikaa chini kwenye mchanga, akavua kofia yake, akaniambia. Anaitwa Anastazia. Yuko kijiji cha wavuvi upande wa Musoma. Ana watoto wako wawili, msichana na mvulana. Si mambo ya jana. Yalianza miaka mingi kabla mpaka haujafungwa. Ulituoa wote wawili kwa fedha za useremala, mimi mlimani na yeye majini, na basi la Musoma ndilo lililokuwa likikupeleka na kukurudisha. Basi liliposimama, ukajenga mashua.

"Yeye hajui kama amekufa," Ouma alisema. "Nimeshindwa kwenda kumwambia. Anangoja."

Niliutazama ule mlingoti. Kila kitu kilinirudia hapo hapo, kimoja baada ya kingine. Urefu wake. Waya wa kwenda mbele. Chombo kinachofika ufukweni bila bandari, pasipo na askari wala mtu wa forodha. Kiswahili chako kizuri. Uliniketisha kwenye cherehani nikashona, vidole vinatoka damu, tanga la kukupeleka kwa mwanamke mwingine. Na uliviloweka vidole vyenyewe kwenye maji ya chumvi ili vipone nimalize!

Nilimwambia Onsongo peke yake. Nilitegemea ashtuke. Akasema tu, "Shemeji, mtu ameshakufa. Mwache alale. Kanisa litasema nini?" Kumbe alijua. Ndiyo maana alitaka mlingoti uuzwe upesi, ili pasiwe na njia ya kwenda wala ya kuja. Alikula kwangu miaka yote hiyo, akinisifu kwa mboga ya chinsaga niliyoipika, na alijua.

Usidhani nilikwenda kwa Anastazia kwa sababu ya huruma. Mwanzoni nilitaka angoje. Nilikuwa nikichuma chai nikimfikiria amesimama anatazama maji, na ilinipa raha. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuuona uso ambao ulikuwa ukiuvukia ziwa zima. Nilimwambia Ouma anipeleke. Alikataa, nikamwambia basi nitamtafuta mwingine. Akakubali kwa kuniogopea.

Tuliondoka asubuhi, mimi sijui kuogelea, nimeukumbatia waya wa pembeni kama mtoto. Nchi ilipopotea nyuma yetu upepo ukaja kweli. Na mlingoti ule, Baba Kerubo, ulikuwa mzuri. Hilo nalo liliniuma. Mawimbi yaliingia juu ya sakafu, chombo cha upande wangu kiliinuka kikapiga maji, nyaya zikavuma, na hakuna kitu kilicholegea. Ule mfupi niliokuchagulia mimi usingetufikisha. Ulichagua sawasawa kwa safari uliyokuwa nayo moyoni.

Nilimwuliza Ouma mpaka uko wapi. Akasema, "Tumeshaupita, shemeji, ulipokuwa ukitapika."

Walituona kabla sisi hatujawaona. Tanga lile hakuna lingine kama hilo kule. Tulipokaribia, watoto walikuwa wanakimbia ufukweni, na nyuma yao mwanamke, anafunga kanga vizuri huku akitembea haraka, anacheka. Aliponiona nimesimama kando ya mlingoti akapunguza mwendo. Hakuacha kucheka, alipunguza tu.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. "Baba Kerubo hakuja?"

Nilidhani anamtaja Kerubo wangu. Nikafikiri, huyu ana adabu, anamwita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Kisha akageuka akamwambia yule msichana, "Kerubo, shika kamba ya mjomba Ouma."

Ukampa naye jina la marehemu mama yako. Watoto wawili, jina moja, ili nyumba zote mbili zikuite Baba Kerubo na ulimi wako usiteleze hata ukiwa usingizini. Hilo ulilipima vizuri kuliko mbao.

Anastazia alinishika mkono nishuke. "Wewe ni dada yake?" aliuliza. "Mmefanana macho."

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mke wake."

Hakukasirika. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyechanganyikiwa na homa. "Mke wake alikufa, dada. Alikufa kwa uzazi, kabla mimi sijamjua. Alinisimulia akalia, mtu mzima yule."

Nilikuwa nimesafiri kupeleka habari za kifo, nikapewa za kifo changu kwanza.

Uliniua, Baba Kerubo. Nilikuwa hapa nakufulia mashati, nakuwekea chakula chako usipokuwepo, nakuombea barabarani, na kule nilikuwa udongoni tangu zamani. Tena ulinililia! Uliponililia ulilia nini? Ulifikiri mambo gani ya kweli kunihusu ili machozi yatoke? Mwanamke anaweza kumsamehe mwanamke mwenziwe, nimeona wanawake wengi kwetu wakifanya hivyo. Lakini kunizika nikiwa hai, kwa mdomo wako, kisha urudi nyumbani ukakae kwenye kiti chako, unywe chai yangu... Sijui jina la kosa hilo.

Ouma ndiye aliyemwambia kwamba umekufa. Anastazia alikaa pale pale kwenye maji, kanga ikalowa. Mvulana wako, ambaye anatembea kwa kutupa mguu nje kama wewe, alipanda kwenye mashua akaanza kuinua maturubai na magunia, akimwita baba yake, akidhani umejificha ili umfurahishe. Aliinua kila kitu. Kisha akaanza tena mwanzo.

Hapo ndipo nilipolia. Nilimshusha mimi.

Anastazia alitupikia. Nilikula samaki wake na ugali wake wa muhogo, kwa kuwa sikuwa nimekula tangu alfajiri na kwa kuwa sikujua jingine la kufanya. Kuta zake zina madirisha uliyoyatengeneza, yale yale ya kwetu, yenye ule msalaba mdogo katikati. Aliniuliza mambo yako mengi, nami nikamwuliza. Tulikuwa kama watu wawili wanaolinganisha vipande vya nguo moja, na vipande havikutosha mtu. Akasema, "Dada, mimi ni Mkatoliki. Angesema ana mke ningemkataa. Nakuapia ningemkataa." Nilimwamini. Ulijua kwamba angekataa, ndiyo maana nililazimika kufa.

Mwisho akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo. "Alipokuwa anakata roho, alimwita nani?"

Ningeweza kumdanganya. Jibu lilikuwa mkononi mwangu na hakukuwa na shahidi. Nikamwambia, "Alisema, Mama Kerubo, shusha tanga."

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyekuwa akilipokea tanga ufukweni kila ulipofika. Mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda. Anastazia alichukua sahani akaenda kuziosha.

Tuliporudi nilimwambia Onsongo mashua haiuzwi. Ouma ataifanyia kazi na atakwenda kule kila upepo ukiruhusu, awapelekee mahindi na habari, mpaka Anastazia mwenyewe aseme basi. Onsongo alipandisha sauti. Nikamwambia aipandishe zaidi, majirani wasikie tunachobishania. Akaishusha. Mchungaji nilimweleza pia. Alishika magoti yake, akasema sina haja ya kusimama mbele ya kanisa. Sitasimama. Lakini atakayeniuliza nitamjibu.

Kerubo nilimwambia tukiwa tunachuma chai, tumeinama, tusionane uso. Aliuliza, "Huyo msichana anaitwa nani?" Nilipomtajia alitua kikapu chini, akasema, "Basi hata jina langu aliligawa." Hajafika kwenye kaburi lako tangu siku hiyo. Sijamlazimisha.

Watu huandika kwamba wamewasamehe waliolala. Mimi bado. Kuna asubuhi nakusikia ukikohoa kwenye migomba na moyo wangu unaruka kwa furaha kabla haujakumbuka. Nakukasirikia zaidi asubuhi hizo.

Lakini ahadi nakupa, uipokee ilivyo. Siku mpaka utakapofunguliwa, watoto wako wa ng'ambo watakuja kwa basi, mchana, na kupita mlango wa mbele. Nitawapeleka mwenyewe kwenye kaburi lako, mvulana na msichana, na Anastazia akitaka. Nitawaambia watoto wote wanne ulikuwa fundi wa namna gani, kwa sababu ni kweli. Nitawaambia na lile lingine, kwa sababu nalo ni kweli. Sitadanganya tena kwa ajili yako, hata kwa kunyamaza.

Lala, Nyamweya. Mteja wangu anakuja kuchukua gauni lake jioni, na bado sijalitia kola.

Nimeandika haya nikiwa mzima.

Bosibori